Huu uyoga mwekundu kwenye mikorosho: ndio unaoua miti, au unakuta imeshakufa?

#1 Mwana wa Newala
Wakuu, habari za asubuhi. Swali langu ni kwa wakulima, mabwana shamba na yeyote anayeyajua mambo ya kuvu.

Shamba letu lina mikorosho ya tangu enzi za babu. Msimu huu miti ya upande wa bondeni imekauka matawi, na mingine imekufa moja kwa moja. Kwenye ile iliyokufa, na hata kwenye matawi makavu ya miti ambayo bado ina majani, umeota uyoga wa rangi kali mno, kati ya chungwa na nyekundu. Hauna mguu, umebandika ubavu kwenye gamba na kutanuka nusu duara. Ni mkavu, mwepesi, unene wake haufiki nusu sentimita. Ukiugeuza, chini ni mwekundu kuliko juu, na ukisogeza jicho utaona vitundu vidogo ambavyo hata ncha ya sindano haipiti. Ile iliyozeeka imepauka juu, lakini chini bado inawaka.

Mzee jirani anasema huu ndio unaoua mikorosho: nikate kila tawi lenye uyoga, nichome, halafu nipulizie salfa shamba zima. Salfa ni hela. Naomba ushauri kabla sijaingia gharama.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje wenye mikorosho. Sisi wa migomba tunatega sikio.

#3 Mzee Tandahimba
Kijana, jirani yako kakwambia kweli. Mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Mti ukishatokewa na hiyo rangi, hauchukui misimu mingi unakauka. Unaanzia tawi moja, linafuata la pili, mwisho unashuka kwenye shina. Kata, choma, usilionee huruma tawi. Ukiuacha unahamia mti wa pili.

#4 Bwana Shamba Mstaafu
Naomba nitofautiane na mzee wangu wa #3, kwa heshima zote.

Uyoga anaoueleza mleta uzi ni Pycnoporus sanguineus. Upo pwani nzima, upo bara, na upo karibu kila nchi ya joto duniani, kuanzia Amerika ya Kusini hadi Asia. Kazi yake ni kula mti uliokufa. Utaukuta kwenye kisiki cha mwembe, kwenye gogo la mvinje, kwenye nguzo ya zizi. Nguzo ya zizi haikuuawa na uyoga, iliuawa na shoka. Uyoga ulikuja baadaye.

Kuhusu salfa: hiyo ni dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe. Ubwiriunga unaishi juu ya ngozi ya jani changa na maua, ndiyo maana unga unaufikia. Huu mwekundu, mwili wake hasa ni nyuzi zilizojichimbia ndani ya mbao. Kile unachokiona nje ni sehemu ya kuzalia tu. Ukipulizia salfa juu ya gamba umepaka poda, basi.

Swali linalonitia wasiwasi ni jingine. Hiyo miti ya bondeni ilianza vipi? Majani yaligeuka njano kwanza, yakawa kahawia, yakaning'inia bila kudondoka? Kama ndivyo, fikiria mnyauko fusari. Ugonjwa huo uligunduliwa kwenye mikorosho mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, Mkuranga, na vimelea vyake vinakaa kwenye udongo. Huo ndio muuaji, na haujitangazi kwa rangi.

#5 Mwana wa Newala
Shukrani mkuu #4. Miti miwili majani yalianza njano upande mmoja, kisha mti mzima. Mingine sikuona njano, ni matawi ya juu yaliyokauka kuanzia nchani kurudi nyuma. Uyoga upo kwenye yote.

#6 Mzee Tandahimba
Bwana shamba, nakuheshimu, ila hujajibu jambo moja. Kijana kasema uyoga upo kwenye miti yenye majani. Kama unakula maiti tu, kwenye mti hai unafuata nini?

#7 Nyuzi na Mizizi (Morogoro)
Mzee ameuliza swali zuri, naomba nilijibu kwa kirefu kidogo maana ndilo eneo ninalosomea.

Mti hai una sehemu nyingi zilizokufa ndani yake. Tawi lililokosa jua chini ya mwavuli hukauka lenyewe. Moyo wa shina, ule wa kati wenye rangi iliyokolea, seli zake zimekufa zamani, umebaki kama mhimili wa kusimamia mti. Pia kuna vidonda: panga la kupogolea, ng'ombe aliyekwangua gamba, moto wa kusafisha shamba uliounguza upande mmoja. Kuvu ya namna hii inaingilia hapo. Kwa hiyo inaweza kuwa kwenye mti hai bila kuwa imeushambulia mti hai.

Ila sitakubaliana na #4 asilimia mia. Ikishaingia kwenye kidonda kikubwa inaozesha mbao, na tawi lililooza linavunjika na upepo, linafungua kidonda kingine. Mara nyingine inahesabiwa kama kimelea wa vidonda. Haiui kama fusari, lakini kusema haina mchango kabisa ni kuikingia kifua kupita kiasi.

Namna inavyokula: mbao ina selulosi, ambazo ni nyuzi nyeupe, na lignini, ambayo ndiyo inayozishikilia nyuzi hizo na kuipa mbao ugumu na rangi ya udongo. Viumbe vingi vinashindwa lignini. Huu uyoga unatoa kimeng'enya kiitwacho lakesi kinachoivunja. Ndiyo maana ukipasua gogo ulikoota utakuta mbao imepauka, nyepesi, inachambuka nyuzinyuzi. Huo unaitwa uozo mweupe. Uko pia uozo wa kahawia, wa kuvu nyingine, ambao unakula selulosi na kuacha lignini. Huo mbao yake inakatika vipande vya mraba, ukiviminya vinakuwa unga.

#8 Fundi Mbao Tanga
#7 umeongea kitu ninachokiona karakana kila masika. Gogo la mwembe likiachwa chini, jua na mvua vikalipiga kwa zamu, litatoa huo uyoga. Ukilichana mapema, chini ya gamba utakuta mbao ina rangi ya chungwa kidogo palipo na uyoga. Ukichelewa, rangi imeondoka na ubao haushiki msumari.

Ushauri kwa wenye magogo: chana mapema, panga mbao juu ya vijiti hewa ipite, weka kivuli. Mbao ikishuka chini ya unyevu wa asilimia 20 kuvu haina kazi. Ikipata maji tena, inaamka.

#9 Mama Mamama (Moshi)
Habari zenu. Mimi nalima uyoga wa mamama kwa kutumia pumba na taka za pamba. Nauliza mawili. Huu mwekundu unaliwa? Na je, unaweza kuingia kwenye mifuko yangu?

#10 Binti wa Kilifi
Dada, usithubutu kuula! Huku kwetu nyanya alitufundisha uyoga wowote wa rangi kali ni sumu. Mungu ameuwekea rangi ili uonekane. Hata kuku hawaugusi.

#11 Nyuzi na Mizizi (Morogoro)
Nyanya alikulinda, na kwa mtoto wa porini ni tahadhari njema. Lakini kama kanuni, rangi haisemi ukweli. Kuna uyoga wa miombo wa njano iliyoiva unaouzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua na watu wanakula kizazi hadi kizazi. Na uyoga ulioua watu wengi kuliko wote duniani, Amanita phalloides, rangi yake ni ya kijani kilichofifia, mwingine unakaribia weupe. Ukiuona hauna la kutisha hata kidogo. Mwenye kufuata kanuni ya rangi angeuacha wa njano na kuupika ule.

Kwa dada wa #9: huu mwekundu si wa sufuria kwa sababu ni mgumu. Unatafuna na kutafuna, hauishi. Kuhusu mifuko, ndugu zake wa Asia wanasumbua wakulima wanaootesha uyoga wa shitake kwenye magogo, maana gogo hukaa nje na kila spora, yaani mbegu ya uyoga iliyo laini kama vumbi, ikipita inatua. Mifuko yako ikichemshwa vizuri na kufungwa, adui yako mkubwa ni ukungu wa kijani, si huu.

#12 Mama Mamama (Moshi)
Asante. Huo wa kijani ndio unaonitoa machozi.

#13 Kaka Lubumbashi
Jamani, kwetu Katanga msimu wa mvua bowa ni chakula cha kila nyumba. Wa njano, wa mweupe, na ule mkubwa wa kichuguu ambao mtoto anaufanya mwavuli. Ila huu mwekundu wa magogo hakuna mama anayeuweka kwenye kikapu. Si kwa sumu, ni kwa meno!

#14 Ngoja Waje
Kaka Lubumbashi umenitamanisha. Uzi umeanza na korosho iliyokufa, sasa nimeshaona ugali.

#15 Sharifu wa Unguja
Assalaam alaykum. Mimi nina swali ambalo halijaguswa. Kwa nini rangi yote hii? Uyoga wa kivulini mara nyingi ni mweupe au wa kijivu. Huu upo juani na ndio unaowaka. Kwangu mimi jibu ni jua lenyewe. Angalieni unapopenda kuota: gogo la ufukweni, tawi kavu lililo wazi, kisiki katikati ya shamba. Msituni kwenye giza huuoni mara nyingi. Rangi ni kinga yake dhidi ya mwanga mkali.

#16 Mtaalamu wa Maabara
Sharifu, hoja yako ina mantiki lakini kuna nyingine yenye ushahidi zaidi. Rangi hii inatokana na kemikali kadhaa, mojawapo inaitwa kinabarini. Watafiti wa Brazil miaka ya 1990 waliitenga kutoka kwenye uyoga huuhuu na kuipima dhidi ya bakteria, na kuna walioshindwa kukua, akiwemo Bacillus cereus anayeharibu chakula. Fikiria gogo lililolala chini: bakteria, ukungu, kuvu nyingine, wote wanagombania mbao ileile. Mwenye silaha ndiye anayebaki. Rangi nyekundu ndiyo silaha, na kuonekana kwake ni ajali tu.

#17 Mpenda Wadudu
Msisahau wadudu. Chukueni uyoga mkavu wa zamani, uvunjeni taratibu juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi utapata vijitobo na unga laini, na vibuu au mbawakavu wadogo wa kahawia, wadogo kuliko fukusi wa mchele. Hao ni jamii ya Ciidae, maisha yao yote ni ndani ya uyoga mgumu wa miti, na huu mwekundu ni mmoja wa wenyeji wao. Sasa kama rangi ni sumu au tangazo la kufukuza, hawa wamesoma tangazo gani? Naona rangi inaweza kuwa ya kuwaita wadudu wabebe spora.

#18 Mtaalamu wa Maabara
Mbawakavu wanaona rangi nyekundu? Wadudu wengi nyekundu kwao ni giza. Na spora za uyoga huu zinabebwa na upepo kupitia vile vitundu vya chini. Hauhitaji mchukuzi.

#19 Mpenda Wadudu
Wengi, si wote. Na macho siyo njia pekee, harufu je? Usiufunge mjadala mapema.

#20 Nyuzi na Mizizi (Morogoro)
Naongeza la nne, mnisamehe kwa kuwachanganya. Lakesi, kile kimeng'enya cha kuvunjia lignini, ndicho pia kinachoshiriki kuunganisha malighafi kuwa zile rangi nyekundu. Ilionyeshwa maabara kwa ndugu yake wa nchi za baridi, Pycnoporus cinnabarinus. Kwa hiyo inawezekana rangi ilianza kama mabaki ya jikoni, yaani mlaji mwenye lakesi nyingi anajikuta mwekundu, halafu faida za jua au za bakteria zikaja juu yake. Sharifu na ndugu wa maabara mnaweza kuwa mmeshika ncha mbili za kamba moja.

#21 Sharifu wa Unguja
Hapo umesema. Ila mimi bado niko na jua. Bakteria wapo kivulini pia, mbona huko kuvu hazijavaa nyekundu?

#22 Tiba Asili Original
Kwa hiyo unaua bakteria! Wakuu, hii ni dawa ya vidonda, ya fizi, ya tumbo. Mwenye nao kwa wingi anitafute, nausaga na kufungasha. Nimesikia huko Australia wenyeji wanautumia tangu zamani.

#23 Nesi wa Zamu
Mkuu #22, tulia kidogo. Kweli wenyeji asilia wa Australia wametumia jamaa wa uyoga huu kwa vidonda vya mdomoni, na watoto wanaoota meno walipewa wanyonye. Ni maarifa yao, wanajua wanachochuma na wapi. Lakini kuua bakteria kwenye sahani ya maabara hakukupi kipimo cha kumpa mtoto. Spiriti nayo inaua bakteria, unamnywesha mtoto?

Nasema hivi kwa uchungu. Nimepokea wodini mtoto aliyepakwa dawa ya unga kwenye fizi, unga wa nini hakuna aliyeweza kutuambia, mdomo umevimba hawezi kunyonya. Mtoto anayeota meno mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi yaliyochemshwa, mpapase fizi kwa kidole kilichooshwa. Ana homa kali au anaharisha, mlete kituoni. Usisage kitu kutoka kwenye kisiki.

#24 Binti wa Kilifi
Nakazia. #22 fungasha karanga.

#25 Mchoma Mkaa Mstaarabu (Handeni)
Sijaona mtu aliyetaja moto. Mimi niko porini muda mrefu. Sehemu iliyoungua, magogo yaliyobaki nusu mkaa, mvua za kwanza zikipiga huu uyoga ndio wa mwanzo kutokea. Gogo jeusi limebabuka, juu yake rangi ya chungwa. Naamini mbegu zake zinataka moto ndipo ziamke.

#26 Bwana Shamba Mstaafu
Unachokiona ni kweli, kwenye mbao zilizoungua unapatikana sana. Maelezo ndiyo yanayoweza kuwa tofauti. Moto unaua kuvu nyingine zilizokuwa zimeshika gogo, na unaondoa kivuli. Anayestahimili joto na ukavu anakuta uwanja mtupu. Si lazima spora ziwe zimeamshwa na moto, maana kwenye miembe iliyoangushwa mjini ambako hapajaungua kitu uyoga unaota vilevile.

#27 Mchoma Mkaa Mstaarabu (Handeni)
Mjini hamuwezi kulinganisha na pori, bwana shamba. Njoo Handeni baada ya kiangazi uone unavyochagua yaliyoungua na kuacha yasiyoungua.

#28 Fundi Mbao Tanga
Hapo kwenye moto nitoe faida. Wanaosimika nguzo za fensi, choma ule upande unaoingia ardhini mpaka uwe mweusi. Wazee wetu walifanya hivyo na uyoga hauingii.

#29 Mhandisi wa Nguzo
Fundi, la nguzo naomba nirekebishe. Majaribio ya kuzika nguzo zilizobabuliwa na zisizobabuliwa yameonyesha kubabua hakuongezi maisha ya kutosha. Mkaa wenyewe hauozi, ni kweli, lakini ukikauka unapasuka, na kwenye ufa maji na nyuzi vinapita hadi mbao iliyo chini. Kinachosaidia ni kuchagua mti wenye moyo mgumu kama mkongo au mvule, au mbao iliyoshindiliwa dawa kwa mashine kama nguzo za umeme. Na kichwa cha nguzo kikate mshazari maji yatiririke. Nguzo nyingi zenye huu uyoga nilizoona umeanzia kichwani, palipokatwa bapa maji yakatuama.

#30 Fundi Mbao Tanga
Kichwa cha mshazari nakubali. La kubabua, boma la baba yangu bado limesimama.

#31 Mhandisi wa Nguzo
Ni mti gani?

#32 Fundi Mbao Tanga
Mkongo.

#33 Ngoja Waje
Haya, nani ana jibu? 😀

#34 Mwanafunzi wa Linnaeus
Wakuu, jina la #4 linahitaji maelezo. Uyoga huu Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, aliuita Boletus sanguineus mwaka 1763. Mmarekani Murrill akauhamishia Pycnoporus mwaka 1904. Mwaka 2011 Justo na Hibbett walichunguza vinasaba na kupendekeza kundi zima liingizwe kwenye Trametes, kwa hiyo wengi sasa wanaandika Trametes sanguinea. Tuwe wa kisasa.

#35 Nyuzi na Mizizi (Morogoro)
Tuwe wa kisasa mpaka mwisho basi: mwaka 2012 kikundi kingine, Welti na wenzake, walipitia data zao na kuiacha Pycnoporus isimame peke yake. Majina yote mawili yapo kwenye machapisho. Mkulima akija na lolote kati ya hayo nitamwelewa. Kubwa zaidi kwetu ni kuutofautisha na yule wa baridi, cinnabarinus, ambaye ni mnene na vitundu vyake ni vikubwa. Huu wetu ni mwembamba, vitundu vyake ni 5 hadi 6 kwenye milimita moja. Mleta uzi alivyosema ncha ya sindano haipiti, alikuwa ameshamaliza kazi ya utambuzi.

#36 Vanila Kagera
Nimefuatilia kimya. Kuna mtu aliwahi kuniambia kuna uyoga mwekundu unaotengeneza vanila. Ni huu? Sisi tunachavusha ua mojamoja kwa mkono, kisha maganda yanakaushwa miezi. Uyoga ukifanya kazi hiyo bei yetu itakuwaje?

#37 Mtaalamu wa Maabara
Ni yule ndugu yake wa baridi, cinnabarinus. Wafaransa miaka ya 1990 walitumia kuvu mbili kwa zamu: Aspergillus niger inabadili asidi ya feruliki, inayopatikana kwenye pumba za mahindi na makapi ya viazi sukari, kuwa asidi ya vaniliki, kisha Pycnoporus inaimalizia kuwa vanilini. Jenomu yake, yaani ramani nzima ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2014.

Usihofu uyoga lakini. Mshindani wako alikuja zamani: vanilini nyingi sana sokoni inatengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Ganda lako lina mamia ya harufu nyingine ndani yake, vanilini ni moja tu. Mpishi anayejua hachanganyi.

#38 Vanila Kagera
Umenituliza nusu. Nusu nyingine atanituliza mnunuzi.

#39 Mtaalamu wa Maabara
Na lakesi yenyewe, ile ya kuvu kwa ujumla, viwanda vinaitumia kupaushia jinzi badala ya kemikali kali. Kuna utafiti mwingi pia wa kuitumia kusafisha maji machafu ya viwanda vya nguo, maana rangi nyingi za nguo zinavunjika kama lignini inavyovunjika. Nchi yetu ina pamba, ina viwanda vya nguo, ina uyoga huu kwenye kila kisiki. Naumia nikiona tunaupita tu.

#40 Mwana wa Newala
Wakuu, nimerudi. Nilitaka kuhakikisha mliyosema, nikapasua miti mitatu. Ile miwili iliyoanza na majani ya njano, ndani ya shina chini karibu na ardhi kuna michirizi ya kahawia iliyopanda juu. Uyoga kwenye hiyo ulikuwa juu kabisa, matawini, kule chini haupo. Mti wa tatu hauna michirizi. Shina lake lina matundu, utomvu umetoka ukagandamana na unga wa mbao, na tawi lenye uyoga ndani ni jeupe linachambuka kama alivyosema #7.

#41 Bwana Shamba Mstaafu
Umefanya kazi ya maana, kijana. Miwili ya kwanza inafanana na mnyauko fusari. Usihamishe udongo wala jembe kutoka bondeni kwenda upande wenye miti yenye afya bila kuosha, na usipande miche mipya kwenye mashimo yale. Wa tatu unasema mdudu mtoboa shina. Ile mingine iliyokauka kutoka nchani, angalia machipukizi kama yana madoa meusi yaliyodidimia, huyo ni mbu wa mikorosho. Chukua sampuli ya shina na mizizi, funga kwenye karatasi si nailoni, peleka kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele pale Mtwara, wakuthibitishie. Macho yangu ya mtandaoni si maabara.

#42 Mzee Tandahimba
Mdudu katoboa, sawa. Fusari ipo, sawa. Lakini nani kamaliza lile tawi jeupe? Si huyohuyo mwekundu? Mdudu peke yake mkorosho unamvumilia, nimeona yenye matundu ikizaa. Ikishaingia rangi ndio haizai tena. Matawi nitaendelea kukata na kuchoma.

#43 Nyuzi na Mizizi (Morogoro)
Mzee, kukata tawi kavu sitakupinga, ni usafi wa shamba na mwanga unaingia. Ila kata kavu lote, lenye uyoga na lisilo nao, na kidonda kiwe laini karibu na shina kisitunze maji. Ninachopinga ni hela ya salfa, na kumwacha fusari ardhini huku tunamfukuza mwekundu juani. Kwenye kuchoma vilevile, usiwashe chini ya mti. Moto ukibabua gamba umefungua mlango tuliokuwa tunauziba.

#44 Mchoma Mkaa Mstaarabu (Handeni)
Na ukiwasha, mvua ya kwanza uje uniambie ni nani wa kwanza kuota.

#45 Mama wa Kisarawe
Wadau, mikorosho yangu haina shida ila nina rundo la matawi ya kupogolea yamejaa huu uyoga. Nikiyasaga kuwa matandazo ya bustani ya mchicha nitaleta ugonjwa?

#46 Bwana Shamba Mstaafu
Mchicha hauna mbao, hauna cha kuliwa hapo. Tandaza. Ila usichanganye vipande hivyo na udongo mbichi, maana vikiwa vinaoza vinavuta naitrojeni na mchicha utapauka. Viache juu, au viozeshe kwanza na samadi. Kama matawi yanatoka shamba lenye mnyauko, hapo usiyasafirishe.

#47 Mkaazi wa Goma
Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Kwetu pia kuna wa chungwa kwenye vijiti, lakini matundu yake ni makubwa, unayaona ukiwa umesimama. Ni laini, una kijimguu ubavuni, na wote ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Unaota kwenye kivuli pale penye unyevu. Ndio huuhuu ukiwa mtoto?

#48 Mwanafunzi wa Linnaeus
Hapana, maelezo yako yananipeleka kwa Favolaschia calocera. Roger Heim aliuandika mwaka 1945 kutoka Madagaska, na sasa umesambaa hadi New Zealand, ambako unahesabiwa kuwa mvamizi. Huo nao unakula vijiti vilivyokufa, ila hauna uhusiano wa karibu na huu wa mikorosho. Piga picha upande wa chini, weka sarafu pembeni tuone ukubwa, fungua uzi wake.

#49 Sharifu wa Unguja
Wa kivulini na ni wa chungwa? Mkaazi wa Goma, fungua huo uzi haraka, na mimi nije na swali langu la jua.